Niliwaambia inachekesha

Spea alinyanyuka katikati ya kicheko.

Hakuaga. Aliinama akachukua helmeti yake chini ya meza, akaikodolea televisheni kidogo, kisha akakatiza mbele yetu ameinamisha mgongo kama mtu anayepita mbele ya wazee. Tukasikia pikipiki ikiwashwa, ikashuka mteremko wa Kitangiri, mlio ukafifia.

Kwenye skrini, mwanamke aliyetekwa, kichwa kimefunikwa gubigubi, alikuwa anakimbia kwenye theluji bila kujua aendako. Anakwenda huku, anarudi kule, anajikwaa, anaanguka. Mmoja wa watekaji anacheka mpaka anakosa pumzi.

Na sisi tulikuwa tunacheka.

"Kaenda haja huyo," alisema Ticha, macho hayajatoka kwenye picha.

Hakwenda haja. Hakurudi usiku ule, wala Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine. Leo ni wiki ya sita, na nimeandika mwanzo wa makala hii mara nne nikiufuta.

Zamu yangu

Mnaofuatilia blogu hii mnaijua kamati yetu. Ticha, mpenzi wa filamu za vita. Konda, anayesinzia kabla saa moja haijaisha kisha anabisha kuhusu mwisho ambao hakuuona. Mama mwenye nyumba, anayekuja kwa ajili ya chai ya tangawizi na kubaki kwa ajili ya maneno. Spea, jina limetokana na biashara yake. Na mimi. Chumba cha uani, feni moja, dagaa wa kukaanga kwenye sinia.

Jumamosi ile zamu ya kuchagua ilikuwa yangu. Kwenye kundi la WhatsApp niliandika: "Leo Fargo, ya 1996. Ya ndugu wawili, Joel na Ethan Coen. Dakika 98, hakuna kupoteza muda. Utekaji, mauaji, lakini inachekesha mpaka mbavu ziume. Msikose."

Hilo neno "inachekesha" ndilo limeninyima usingizi.

Ngoja nikaongee na bosi

Kwa ambao hamjaiona: Jerry Lundegaard anauza magari kwenye yadi ya baba mkwe wake huko Minneapolis. Ana shida ya pesa ambayo filamu haielezi sawasawa imeanzia wapi, na siku hizi naona hapo ndipo ilipo akili ya waandishi, maana shida ya pesa ikishakomaa haina tena mwanzo. Anakwenda mpaka mji wa Fargo, jimbo la jirani, kukutana na wahuni wawili. Anataka wamteke mke wake mwenyewe ili baba mkwe atoe pesa ya kumkomboa. Wahuni amewaambia wataomba dola 80,000, nusu yao, nusu yake, na juu yake gari jipya. Lakini baba mkwe, Jerry atamwambia ni milioni moja.

Pigeni hesabu wenyewe.

(Mji wenyewe wa Fargo unauona mwanzoni tu. Mengine karibu yote ni Minnesota. Konda alilidai hilo jina kama abiria aliyeshushwa kabla ya kituo.)

Nusu saa ya kwanza tulicheka vizuri, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Spea. Kuna mteja amekuja kuchukua gari lake, kwenye hesabu anakuta kaongezewa dola 500 za dawa ya kuzuia kutu, dawa ambayo alishasema haitaki. Anafoka. Jerry anamwambia subiri, ngoja nikaongee na bosi. Anaingia chumba cha pili, anapiga soga na mwenzake kuhusu tiketi za mechi, anamaliza, anarudi na uso wa mtu aliyepigania haki: bosi hajawahi kufanya hivi, lakini kwa leo atapunguza 100.

Spea alimwaga chai. "Mimi ndivyo ninavyofanya! Na bosi mwenyewe ni mimi!"

Tukacheka na lafudhi. Watu wa kule wanaongea kwa upole uliopitiliza, kila sentensi ina "yaa", hata anayekutapeli anakutapeli kwa adabu. Ticha akasema hawa ni Wasukuma wa Marekani, ukiwasalimia "mwangaluka" wataitikia. Mama mwenye nyumba, Msukuma wa Magu, akauliza: "Tumewakosea nini tena?" Lakini naye alikuwa anacheka. Hao ndugu wawili ni watoto wa Minnesota, wamekulia pembeni tu ya Minneapolis. Wanawacheka majirani zao na shangazi zao. Mtu wa kuja angeifanya kazi ileile ikawa matusi.

Kisha watu watatu wakauawa barabarani usiku mmoja, na Ticha akauliza swali ambalo kila aliyelelewa na banda la video huuliza.

"Steringi yuko wapi?"

Ndipo simu inaita gizani, na mwanamke mwenye mimba ya miezi saba anaamka. Ni Marge Gunderson, mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Brainerd. Mumewe anang'ang'ana kumkaangia mayai kwanza. Anakula, anaaga, anatoka, kisha anarudi ndani kusema gari limegoma kuwaka.

"Ndiye huyo," nikasema.

Konda akaamka. "Steringi mjamzito?"

Frances McDormand alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa kazi hiyo, mwaka 1997, na ndugu wale wakapata ya uandishi. Sikuwa na haja ya kuyasema hayo. Marge alipoinama kwenye theluji kukagua maiti, msaidizi wake akadhani ameona ushahidi, kumbe ni kichefuchefu tu, na kikishapita njaa inarudi. Hapo Mama mwenye nyumba akapiga kofi la paja: "Huyu namuamini."

Ninachokiona sasa, na sikukiona siku ile, ni kwamba Spea alikuwa ameshanyamaza. Kuna simu anayopigiwa Jerry na kampuni ya mikopo. Amechukua zaidi ya dola laki tatu kwa dhamana ya magari ambayo hayapo, na wanataka namba za magari hayo. Jerry anasema nimeshawatumia. Wanasema karatasi haisomeki. Anasema nitatuma nyingine. Upole uleule, yaa, bila shaka, sawasawa. Tulicheka wanne.

Walionusurika

Kuna jambo limetangulia, na ndilo linalonihukumu.

Filamu inaanza na maandishi. Yanasema hiki ni kisa cha kweli, kilitokea Minnesota mwaka 1987. Kwamba majina yamebadilishwa kwa ombi la walionusurika, na kwa heshima ya waliokufa yaliyobaki yamesimuliwa kama yalivyotokea.

Huwa tunamtafsiria Mama mwenye nyumba maandishi kama hayo, kazi ya Ticha. Akamsomea taratibu. Mama akauliza filamu yenyewe ni ya mwaka gani. Nikasema 1996.

"Mwaka wa MV Bukoba," akasema, akaweka kikombe chini.

Hapa Mwanza hatuihesabu 1996 kama wanavyoihesabu wengine. Sina haja ya kuwasimulia tarehe 21 Mei, siku meli hiyo ilipozama ziwani, wala makaburi ya Igoma. Ninachosema ni kwamba katika chumba kile neno "walionusurika" lilitua pengine. Watu walikaa vizuri. Likaja gari linatokea kwenye weupe mtupu, likiburuta jingine nyuma, na ule muziki wa Carter Burwell unaopanda kama wa kanisani, na hakuna aliyegusa dagaa.

Mimi nilijua ni uongo.

Kisa hicho, kama kilivyo, hakijatokea. Ukivumilia mpaka mwisho, majina yote yakishapita, utakuta ile kauli ya kawaida kwamba watu na matukio ni ya kubuni. Nilikuwa nimeshaiona filamu mara mbili, peke yangu, na yote hayo nilikuwa nayajua. Nikakaa kimya kwa sababu uongo ule unafanya kazi. Ukiambiwa ni kweli unaacha kubisha. Mtu anafanya upumbavu wa kupindukia, na badala ya kusema "hapa wametia chumvi", unasema "binadamu sisi". Nilitaka wasiseme chumvi.

Kwa hiyo Spea alipotoka, alitoka akiamini kwamba yule mwanamke aliyefunikwa kichwa aliishi mahali fulani, na alikimbia hivyo kweli.

Kabureta

Nilikwenda kumwona Jumatatu ya wiki ya nne. Ameniruhusu kuyaandika haya, mradi nisitaje mtaa lilipo duka lake. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasugua kabureta kwa mswaki na petroli. Alinisalimia vizuri. Akanisogezea ndoo nyingine.

Tuliongea bei ya sangara. Tukaongea Daraja la Kigongo na Busisi, namna safari ya Sengerema siku hizi haina tena foleni ya kivuko. Mswaki unakwenda na kurudi. Mwishowe akauliza bila kuinua uso.

"Ile ilikuwa ni kweli?"

"Si ya kweli."

"Imeandikwa."

"Imeandikwa, ila waliandika uongo."

Mswaki ukasimama.

"Kwa hiyo yule mama hayupo."

"Hayupo."

"Basi wangu yupo," alisema Spea.

Miaka miwili nyuma alichukua mkopo wa kausha damu. Mnajua yanavyokwenda: rejesho kila siku, ukichelewa siku moja inazaa, unakopa kwa huyu kumlipa yule. Alishamkimbilia baba mkwe mara moja na hakuweza kurudi mara ya pili. (Hapo nikakumbuka baba mkwe wa Jerry, yule mzee aliyekaa kwenye kochi nyumbani kwa mkwewe anatazama mechi, na namna Spea alivyosema "duh" peke yake.) Dhamana ilikuwa vitu vya ndani. Friji, televisheni, makochi, godoro. Fomu aliisaini yeye. Mke hakuambiwa.

Walikuja asubuhi. Mkewe alikuwa anaoga. Akasikia vitu vinaburutwa sebuleni, akajua ni wezi, akatoka mbio na kanga moja, sabuni imemjaa machoni, anapiga yowe "wezi, wezi", haoni. Akagonga mlango. Akagonga kabati waliyokuwa wanaitoa. Akakimbilia uani, akageuka, akaparamia kamba ya nguo. Majirani walitoka na fimbo. Walipoelewa ni watu wa mkopo, fimbo zikashuka, na kicheko kikaanza kwa mmoja, kikaenea.

"Wewe ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Nilikuwa kwa jirani. Nimejificha. Naona dirishani."

Nilidhani amemaliza. Nikaanza kutafuta namna ya kuomba radhi kwa filamu isiyo na huruma.

"Nami nikacheka, kaka," akasema. "Ilikuwa inachekesha. Ile namna alivyoparamia kamba. Nikacheka huku nimeziba mdomo nisisikike."

Akachukua mswaki.

"Ndiyo maana niliondoka. Siyo kwamba haichekeshi."

Mama wa Kizaramo

Nimetafuta jina la filamu za namna hii na sijaridhika na lolote. "Kichekesho cheusi" hakina maana kwa Kiswahili, kinasikika kama uchawi. Ticha alipendekeza "kichekesho cha kutisha", lakini hiyo ni mizimwi na majini.

Kilichonisaidia ni msiba mmoja wa Nyakato, wa mzee wa Kisukuma, miaka kadhaa nyuma. Siku ya mazishi, wakati jeneza linatakiwa kutoka, mama mmoja wa Kizaramo, mtani wao, alijilaza mlangoni chali. Hatoki mtu. Marehemu alimkopa elfu mbili za karanga, na leo anataka kutoroka kwa gari la kukodi, amevaa suti ambayo akiwa hai hakuwahi kuimudu. Watoto wa marehemu, macho yamevimba, walicheka mpaka wakashikana mabega. Mtani akalipwa, akahesabu noti mbele ya jeneza, akadai moja imechanika. Kulikuwa na kijana wa ofisini kwa mmoja wa wafiwa, mgeni wa mambo haya, aliyetaka kumwinua yule mama kwa nguvu. Wazee wakamshika mkono.

Lakini yule mama mimi nilimwona jioni. Mikono imezama kwenye sufuria la ubwabwa, anasugua masizi, na machozi yanamtoka bila sauti. Alikuja siku ya kwanza na aliondoka siku ya tatu. Hakuna aliyesugua masufuria kuliko yeye.

Kwa hiyo kwangu hizi ni filamu za kicheko cha msibani. Wazo hilo lilinifurahisha kwa siku mbili nzima. Kisha likaanza kunisumbua, maana mtani ana haki ya kucheka. Amezaliwa nayo na anailipia kwa kazi. Majirani wa Spea walilipia nini? Spea mwenyewe, nyuma ya dirisha, alilipia nini?

Na sisi, na dagaa zetu?

Nani anacheka pale

Nikaiangalia tena peke yangu, sauti chini, nikitazama lile tukio tu. Nikarudisha nyuma, nikatazama tena.

Anayecheka ni mmoja. Ni Carl, yule mdogo mwenye maneno mengi, Steve Buscemi. Mwenzake mkubwa, Gaear, ambaye ndiye muuaji haswa, hacheki. Anatazama tu kama anayetazama mvua. Filamu haijaweka muziki wa kukuambia cheka. Imekuonyesha mtu anayekimbia ndani ya giza la kitambaa, na mtu mmoja anayeona jambo hilo ni kichekesho, na ikakuachia uchague wa kusimama naye. Sisi wanne tulisimama na Carl bila kuulizwa mara mbili.

Sitasema filamu haina lawama. Jean, yule mke, hakupewa nafasi ya kutosha. Tunamjua akisuka kwa sindano mbele ya televisheni, tunamjua akipiga kelele, basi. Hatujui alikuwa anapenda nini. Nikimfikiria mke wa Spea nakasirika kidogo na ndugu wale wawili. Watu saba wanakufa ndani ya dakika 98, na waswahili tulishasema kifo cha wengi ni harusi, lakini Jean alistahili aliliwe peke yake.

Hata hivyo Marge yupo, na Marge ndiye aliyesugua masufuria.

Kila mtu akiwasimulia Fargo atawatajia ile mashine ya kusaga miti. Mimi nataka mtazame tukio ambalo wengi husema halina kazi. Marge yuko Minneapolis kikazi, anakutana hotelini na Mike Yanagita, mwenzake wa shule. Mike analia. Anasema alioa binti waliyesoma naye, na sasa amefariki kwa saratani ya damu. Marge anampoza kwa huruma yake yote. Baadaye, kwenye simu na rafiki, anaambiwa mambo hayo hayakutokea. Mwanamke yuko hai, Mike hakuwahi kumuoa, alikuwa anamsumbua tu. Marge anashangaa kidogo, anasema "jamani". Kisha anageuza gari na kurudi kwenye yadi ya Jerry, ambako alishahoji na akaridhika.

Filamu haisemi kwa nini amerudi. Hakuna mtu anayegonga kichwa na kusema nimeelewa. Ni mtu mwema tu ambaye asubuhi hiyo amejua kwamba anayelia mbele yako kwa upole anaweza kukudanganya, na amekumbuka mpole mwingine.

Nimeliangalia tukio hilo mara nyingi kuliko yote wiki hizi. Mike hakuchukua hata senti ya Marge. Alitaka tu aaminiwe kwa muda wa soda moja. Nami Jumamosi ile nilitaka hivyohivyo.

Basi, nawapendekezea

Itazameni Fargo. Narudia hilo baada ya yote haya, na nalisema kwa moyo zaidi kuliko siku ile.

Msiwaambie wenzenu inachekesha. Waambieni ni ya utekaji, wakae. Kicheko kitawatafuta kilipo na kitawakuta, na kila mmoja atajua mwenyewe amecheka wapi. Waambieni pia kwamba maandishi ya mwanzo ni ya uongo. Nimebishana na nafsi yangu hapa, kwa sababu najua nawapunguzia utamu, lakini hamjui aliyekaa kwenye kochi lenu ametokea wapi.

Itafuteni yenye sauti yake na maandishi ya chini. Nawaheshimu sana Lufufu, yule mtafsiri wa filamu kwa sauti, na waliomfuata, nusu ya filamu nilizozielewa utotoni nilizielewa kwa midomo yao. Hii lakini imebebwa na zile "yaa". Ukimfanya Jerry aongee kama mtoto wa mjini, amekwisha.

Na theluji mtazame kama mtu wa tano kwenye kesi. Roger Deakins ndiye mpiga picha. Majira yale ya baridi Minnesota ilikosa theluji, ikabidi wasogee kaskazini kuifuata, kama wavuvi wetu dagaa wakihama. Kuna wakati Jerry anatoka kwa mkwe, mpango umekufa, gari limegandiana barafu, anaanza kukwangua kioo. Anakwangua, hasira zinampanda, anarusharusha kikwangulio, anatukana hewa. Kisha anatulia. Kisha anaanza upya kukwangua, maana bado anatakiwa arudi nyumbani.

Spea, pale kwenye ndoo, alisema hapo wamepatia kuliko kote. "Hasira haziwashi gari," alisema.

Ile hela

Wasiopenda kuharibiwa utamu waishie hapa.

Juzi Jumatano usiku simu iliita. Spea. Hakusalimia.

"Kaka, nimeimalizia. Kijana wa flashi kaniwekea. Ile hela."

"Hela ipi?"

"Aliyoizika yule mdogo. Kwenye theluji, kwenye uzio. Katoa 80,000 ya kugawana, 920,000 kaifukia, kachomeka kikwangulio juu. Kushoto uzio, kulia uzio, kote sawa. Halafu kafa. Mwenzake hajui, polisi hawajui. Kuna mtu aliikuta?"

"Kwenye filamu hakuna."

"Hakuna!" Alikuwa amesimama, nilisikia anatembea. "Watu wote wale, halafu hela imekaa tu?"

Nikamwambia kuna tamthilia, imetoka 2014, jina hilohilo. Msimu wa kwanza una sehemu kumi. Humo kuna mtu anaikuta.

"Acha!"

"Kweli."

Kukawa na kimya, na nyuma yake sauti ya mkewe ikiuliza kitu. Spea akaziba simu kwa mkono, wakazungumza, akarudi.

"Anauliza hiyo nayo ni kisa cha kweli?"

Nayo inaanza na maandishi yaleyale. Nikaongeza sauti ili nisikike mpaka aliko.

"Shemeji, wataandika ni cha kweli. Si cha kweli."

Nikamsikia anacheka. Sijui alikuwa anacheka nini.

"Basi Jumamosi tunakuja wawili," akasema Spea. "Dagaa muongeze."